Karatasi Iliyobaki katika Kitabu cha Sala

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya uaminifu. Hatusemi ule wa bwana na bibi katika ndoa, ambao tumekwisha kuueleza mara nyingi katika ukurasa huu. Twasema uaminifu wa mtu aliyesafiri kwa ajili ya Injili, akakaa siku chache ugenini, kisha akarudi kwake. Mambo tutakayoyasimulia yalitupata sisi wenyewe, wala si ya kujisifia. Kwa sababu ya haya tumekawia sana kuyaandika.

Mwaka 2017, wakati wa kiangazi, tulivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie mpaka Kigoma. Tulikuwa watu sita wa parokia moja: katekista mmoja, waimbaji watatu, mama mmoja wa Legio ya Maria, nasi tunaoandika habari hii. Nauli tuliitafuta kwa miezi mingi; wengine waliuza dagaa, wengine walifyatua matofali, na wazee wa jumuiya wakatuongezea kidogo katika sadaka. Kutoka Kigoma tulipanda gari mpaka Kasulu, na baada ya kupata kibali cha serikali ya Tanzania tuliingia katika kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu Wakongo, wengi wao watu wa Fizi na Uvira, waliokimbia vita vya mwaka ule. Mwaka 2015 waliongezeka na wakimbizi wengi wa Burundi, hata kambi ikapita watu 100,000. Hebu fikirini: mji mkubwa namna hiyo, na kila mmoja ndani yake huhesabu miaka tangu siku aliyofunga mlango wa nyumba yake.

Tulikaa majuma matatu. Usiku tulilala Kasulu, asubuhi tukaingia kambini. Tulitembelea wagonjwa, tulisaidia mafundisho ya watoto, tulikandika udongo ukuta mmoja wa kanisa uliokuwa umebomoka kwa mvua. Tena tulikwenda kuwafundisha nyimbo. Kumbe nyimbo zetu zote walizijua, na mwalimu wao wa kwaya alitusahihisha kwa upole sauti ya tatu, ambayo kwetu tumeiimba vibaya miaka mingi pasipo mtu kutuambia.

Siku ya mwisho, tulipokuwa tukiagana na watu chini ya mwembe, alitujia mama mmoja aliyemshika mkono mama yake mzazi, ajuza asiyeona vizuri. Alikuwa na miaka 36. Alipokimbia mwaka 1996 alikuwa msichana wa miaka 15, na mgongoni alimbeba mdogo wake. Hapo kambini aliishi na mume mmoja, mtu mwema, wakazaa watoto watano, wote wamebatizwa. Lakini ndoa yao haikubarikiwa, na kwa hiyo yeye na mumewe hawakukaribia meza ya Bwana. Padri hakuwakataza kwa ukali. Aliwaomba cheti cha ubatizo tu, kama Kanisa linavyoagiza.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu pengine watauliza: cheti cha nini, ikiwa mtu mwenyewe asema amebatizwa? Jibu ni hili. Kila parokia ina kitabu cha wabatizwa. Humo huandikwa jina la mtoto, baba na mama, wasimamizi, siku na mahali, na jina la aliyembatiza. Kisha pembeni mwa ukurasa huongezwa Kipaimara, na ndoa ikiwa amefunga, hata kama ndoa hiyo imefungwa mbali sana na pale. Basi cheti kipya kitokacho katika kitabu hicho hujulisha mambo mawili pamoja: ya kwamba mtu ni Mkristu, na ya kwamba hana ndoa nyingine iliyoandikwa. Ndiyo sababu padri hukiomba. Lakini mkimbizi atakipata wapi, ikiwa kitabu kipo ng'ambo ya ziwa, katika nchi aliyoikimbia?

Mama huyo alikuwa ameandika kila kitu katika karatasi ya daftari la shule, yenye vimraba: jina lake, la baba, la mama, la mama yake wa ubatizo, na kwamba alibatizwa mtoto mchanga siku kuu ya Pasaka, mwaka 1981, katika parokia moja ya pwani ya ziwa upande wetu. Alitupa karatasi hiyo kwa mikono miwili, akasema, «Ndugu zangu, ninyi mnarudi kule. Nitafutieni jina langu.» Na yule bibi akatushika mabega mmoja mmoja, akasema, «Wajukuu zangu, nataka kuiona harusi ya mwanangu kabla macho hayajafa kabisa.» Tuliahidi. Hatukuahidi kwa mzaha, machozi yalitutoka. Tuliiweka karatasi katika kitabu chetu cha sala, tukamwandikia mama huyo namba ya simu tuliyokuwa tumeinunua Kigoma.

Tulipofika kwetu tulipokewa kwa shangwe. Jumapili ya kwanza, baada ya Misa, tulisimama mbele ya waumini tukasimulia yote. Watu walipiga vigelegele. Habari ya yule mama na karatasi yake ndiyo iliyowagusa zaidi kuliko zote, na kwa hiyo tuliisimulia vizuri. Parokia jirani ikatualika. Huko nako tukaisimulia. Ile namba ya simu ya Tanzania, kwa kuwa hatukuitia fedha wala kuitumia, ilikufa. Na karatasi ilibaki katika kitabu cha sala.

Tuungame sawasawa. Hatukusahau. Anayesahau ana udhuru wake. Sisi karatasi ile tuliiona kila Jumapili tulipofungua kitabu. Mwanzoni tulisema, «Juma lijalo.» Mvua zilipoanza tulisema, «Njia ya kule ni mbaya, ngoja kiangazi.» Baadaye tuliitoa pale tulipozoea kusali, tukaihamishia kurasa za nyuma, ili isitusumbue. Ilikuwa safari ya siku mbili tu kwa pikipiki na miguu. Hatukumwona mtu aliyetuzuia.

Hapa yafaa tuseme neno la pembeni. Miaka kadhaa kabla ya hapo, parokia yetu ilipata wageni, vijana wa Ulaya, waliokuja kukaa nasi majuma matatu. Walipaka chokaa darasa mbili za shule, walicheza mpira na watoto, walijifunza kusali Baba Yetu kwa Kiswahili. Siku ya kuondoka walilia sana, wakawaahidi watoto barua. Watoto wakangoja. Kila padri aliporudi kutoka mjini walimkimbilia na kumwuliza, «Baba, barua?» Barua mbili zilikuja, kisha kimya. Sisi watu wazima tulisema maneno mengi. Tulisema kwamba wageni wale walikuja kutafuta picha, na kwamba machozi ya kwenye uwanja wa ndege hukauka kabla ndege haijatua. Tulisema hayo tukicheka. Yule katekista tuliyesafiri naye ndiye aliyetukumbusha siku moja, pasipo kucheka, kwamba majuma yao matatu na majuma yetu matatu yana siku zilezile 21.

Wako watu wasemao kwamba kazi ya siku chache haina maana, afadhali mtu abaki kwake. Hatukubaliani nao. Papa Pius XII alipoandika barua yake Fidei Donum, siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 1957, aliwaomba maaskofu wa nchi zenye mapadri wengi wawaazime baadhi yao kwa Afrika, hata kama ni kwa muda tu. Wengi walikuja kwa njia hiyo. Walipomaliza muda wao walirudi katika majimbo yao, nasi hatuwezi kuwaita watoro. Ufupi wa safari si kosa. Mkulima naye hakai shambani usiku na mchana. Hupanda, hurudi nyumbani. Lakini mkulima aliyepanda asipokwenda kupalilia, majirani watamwuliza.

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Someni tena Matendo ya Mitume, sura ya 13 na ya 14, habari ya safari yake ya kwanza. Pamoja naye walikuwapo Barnaba na kijana Yohane Marko. Walipofika Perga, yule kijana aliwaacha akarudi Yerusalemu. Kitabu hakielezi sababu, hutaja kuondoka kwake tu. Paulo na Barnaba wakaendelea. Huko Listra watu walimpiga Paulo kwa mawe, wakamburuta nje ya mji wakidhani amekufa. Sasa angalieni njia yao ya kurudi. Walirudi kwa kupitia Listra ileile, na Ikonio, na Antiokia, miji iliyowafukuza, ili kuwatia moyo wanafunzi walioachwa nyuma na kuwawekea wazee. Na baada ya kupumzika, katika sura ya 15, safari ya pili ilianzaje? Kwa neno la Paulo kumwambia Barnaba warudi wakawaangalie ndugu katika kila mji, wajue hali zao. Basi. Hakusema kwanza habari ya nchi mpya. Alisema habari ya wale aliokwisha kuwaona.

Tena Paulo mwenyewe hakuweza kutimiza kila aliloahidi. Aliwaahidi Wakorinto kuwatembelea, akabadili safari, nao wakanung'unika kwamba maneno yake ni ndiyo na siyo kwa pamoja. Alilazimika kujieleza katika barua, na kusoma maelezo hayo mtu huona kwamba jambo lilimwuma. Na katika barua hiyohiyo, sura ya 8, yeye naye awakumbusha Wakorinto kuhusu mchango wao kwa maskini wa Yerusalemu. Walikuwa wameanza mwaka mmoja uliopita, kwa bidii nyingi, sasa wamalize. Mwaka mmoja! Tulipousoma mstari huo tulihesabu miezi yetu.

Maana hesabu ilitufikia mlangoni. Mwezi wa Julai 2018, mfanya biashara mmoja wa mawese aliyetoka Kigoma alikuja akituuliza kwa majina. Alikuwa amechukua salamu kutoka kambini. Tulijiandaa kusikia lawama, tena tulikuwa tumekwisha kutengeneza majibu. Lakini mama yule hakutuma lawama. Aliuliza, «Mlifika salama?» Kwa kuwa namba yetu ilikuwa haipatikani tangu siku tuliyoondoka, alidhani mashua imezama nasi. Ziwa lile huzamisha watu kila mwaka, naye alilijua. Kwa muda wa miezi kumi na mmoja alituombea kama wafu. Alitoa sadaka ya Misa kwa ajili ya roho zetu, yeye mkimbizi, katika fedha kidogo ya kuuza mboga.

Na bibi, mama yake, alikuwa amekufa wakati wa Kwaresima.

Kesho yake tuliondoka. Njia haikuwa mbaya kama tulivyodai. Parokia tuliyoitafuta ilikuwa imepitiwa na vita zaidi ya mara moja. Ofisi yake iliporwa, milango ikafanywa kuni. Padri alitupokea vema, akatutolea vitabu alivyokuwa navyo, katika sanduku la bati. Kitabu cha miaka ile kilikuwapo. Mchwa walikula jalada, na kurasa za mwanzo wa 1981 hazikuwamo. Mwaka ule ulianzia mwezi wa sita. Pasaka iliangukia mwezi wa nne. Tulipekua mara tatu, kana kwamba kurasa zingetuonea huruma na kurudi.

Ndipo padri akatufundisha jambo ambalo hatukulijua, nasi twawaandikia kwa sababu litawafaa wengi katika nchi hii iliyochomewa vitabu vyake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 876, yasema kwamba, ikiwa hakuna anayedhuriwa, ubatizo waweza kuthibitishwa kwa ushuhuda wa mtu mmoja tu asiye na shaka. Na aliyebatizwa akiwa mtu mzima aweza kuthibitisha kwa kiapo chake mwenyewe. «Mna jina la mama yake wa ubatizo?» padri akauliza. Tulilo nalo lilikuwa katika karatasi yenye vimraba.

Yu hai. Alikaa mwendo wa saa mbili kutoka misioni, mjane mwenye miaka 70 hivi, akiuza chumvi na viberiti mbele ya nyumba. Tulipomtajia jina la yule mama hakujibu neno. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na rozari, akasema, «Fungu la tatu ni lake.» Tangu mwaka 1996, aliposikia kwamba jamaa ile ilikimbia na haijulikani ilipo, alimwombea fungu moja kila siku. Hakujua kama anamwombea mtu aliye hai au aliyekufa. Alisema Mama Bikira Maria angechagua mwenyewe. Miaka 22. Mwanamke huyo hakuvuka ziwa hata siku moja, wala hakuna aliyemwalika kusimulia mbele ya waumini.

Alikuja misioni pamoja nasi, akaweka mkono juu ya Injili, akasema mbele ya padri aliyoyaona Pasaka ile: nani aliyebatiza, nani walisimama, na jinsi mvua ilivyowanyeshea njiani wakarudi na mshumaa uliozimika. Padri aliandika, akatia sahihi na mhuri. Kwamba mama yule hakufunga ndoa popote, hilo lilishuhudiwa kule kambini na watu waliokimbia pamoja naye. Kisha tulimpigia simu kwa namba aliyotuletea yule mfanya biashara. Mabibi hao wawili, baada ya kusalimiana, walinyamaza muda mrefu, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, hata padri akadhani simu imekatika.

Hati ilivuka ziwa mwezi wa Septemba, na harusi ilifungwa Januari 2019. Tuliletewa picha. Kiti kimoja cha mbele kiliachwa wazi, na juu yake walikuwa wametandika kitenge cha yule bibi. Hatukuweza kuitazama picha hiyo mbele ya watu.

Sisi wa upande huu wa ziwa twapenda kutaja mifano mikubwa ya uaminifu, na kwa kweli tunayo. Watoto wa shule wa Mpala na Moba wamejua tangu zamani jina la Kapteni Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, aliyekuwa askari wa Papa huko Roma, kisha mwaka 1880 akaanza safari ya kuja ziwani pamoja na Mapadri Weupe ili kuwalinda watu na wawindaji wa watumwa. Mwaka 1885 alirudi kwao Ufaransa. Alikuwa ametumika miaka mitano katika homa na hatari. Nani angemlaumu kama angekaa? Lakini mwaka uliofuata aliondoka tena, na mwaka 1887 alikuwa Mpala. Akaoa mwanamke wa nchi hii, akafa hapa mwaka 1927, baada ya miaka 40. Alishika bunduki na alitawala watu, na si kila jambo la utawala wa namna ile twalisifu leo. Lakini alirudi. Na ng'ambo, katika Karema, alikuwapo Adrien Atiman, mtu wa nchi za mto Niger, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta, akafika ziwani mwaka 1889 akiwa kijana, akawa mganga na katekista wa watu wale mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67.

Twawaheshimu watu hao. Lakini tuseme lililo moyoni: mifano hiyo mikubwa ilitusaidia sana kuahirisha. Mtu asomaye habari ya miaka 67 hujiambia kwamba uaminifu ni kazi ya mashujaa, na kwamba yeye, mtu wa kawaida mwenye mke na shamba na ada za shule za watoto, hakuitiwa jambo hilo. Kumbe alichotakiwa ni siku mbili za pikipiki. Yohane Marko yule aliyerudi kutoka Perga, ambaye Paulo alikataa kabisa kusafiri naye tena, hata akaachana na Barnaba kwa ajili yake, twamkuta mwishoni katika barua ya pili kwa Timoteo. Paulo yumo kifungoni, aomba aletewe Marko, kwa kuwa amfaa kwa utumishi. Hatujui kazi gani. Pengine kuchukua barua.

Yule mama, baada ya harusi yake, alitutumia karatasi nyingine, yenye vimraba vilevile. Ina majina matatu ya jirani zake. Mawili tumeyapata vitabuni, na vyeti vimekwisha kwenda. Jina la tatu ni la mwanamume aliyebatizwa akiwa mtoto, mwaka 1974 au 1975, katika kigango kimoja kati ya Kalemie na Fizi ambacho siku hizi hakina kanisa. Baba yake wa ubatizo alikuwa fundi wa mitumbwi, kilema wa mguu wa kushoto, na watu walimwita Fundi Petro. Wazee wasomaji wa pande hizo, anayemkumbuka mtu huyo, au mtoto wake, amwambie padri wa parokia yake, naye atatufikishia. Jumanne ijayo twaenda huko kuuliza sisi wenyewe.